Wageni Waliofanywa Wafalme: Babito, Waalur na Chimbuko la Utawala Kandokando ya Ziwa Albert

Ukoo wa Babito ulishika enzi ya Bunyoro-Kitara tangu karne ya 15 au ya 16, na matawi yake yakatawala Toro, Koki, Kiziba katika Mkoa wa Kagera wa Tanzania ya leo, na, kwa mapokeo ya wenyeji, Boga, ng'ambo ya mto Semliki, katika teritwari ya Irumu kusini mwa Bunia. Kaskazini mwa mkoa huohuo wa Ituri, nchini Kongo, katika teritwari ya Mahagi, ukoo wa Atyak wa Waalur ulieneza uchifu wake juu ya majirani wasiosema lugha yake. Babito na Atyak wote wana asili ya Kiluo. Masimulizi ya Waalur yanawataja Nyipir na ndugu yake Nyabongo waliogombana kwa ajili ya mkuki uliopotea na ushanga uliomezwa na mtoto mchanga, wakaachana karibu na Pakwach kwenye mto Nile: mmoja akaelekea magharibi, mwingine akashika njia ya Bunyoro.

Kwa muda mrefu jibu moja lilitolewa kuhusu namna koo za aina hii zilivyopata madaraka. Mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai kwamba wafalme wa eneo la maziwa makuu walitokana na wafugaji wa taifa bora waliotoka pande za Ethiopia na kuwashinda wakulima. Nadharia hiyo ikaingia katika ofisi za wakoloni, ikawa kipimo cha kuamua nani ni mtawala wa asili na nani ni mtwana. Historia ya Babito inaipinga waziwazi. Walioshika ufalme huo uliosifika kuliko zote walikuwa watu wa kaskazini ambao wenyeji waliwaona hawana adabu ya kifalme, na ilibidi wafundishwe kutawala.

Mapokeo ya Bunyoro yanaeleza jambo hili kwa undani wa kushangaza. Katika siku za mwisho za Bachwezi, ukoo uliotawala kabla ya Babito, chini ya mfalme Wamara, ng'ombe alichinjwa ili kupiga ramli, na tumbo lake likakutwa tupu, halina matumbo. Waaguzi wa nyumbani wakashindwa kufasiri. Nyakoka, mwaguzi kutoka kaskazini, akapasua kichwa na kwato, na humo yakapatikana yaliyokosekana. Tafsiri yake ilikuwa nzito: Bachwezi wataondoka, na mtu mweusi kutoka kaskazini atakalia kiti chao. Mtu huyo ni Isingoma Mpuga Rukidi. Anasimuliwa akifika na wenziwe wawindaji, amevaa ngozi, hajui maziwa. Waliobaki katika makao ya Bachwezi wakamwogesha, wakamvika, wakamzoeza kunywa maziwa, wakamwonyesha jinsi ya kukaa mbele ya watu na kuzitunza ngoma za enzi. Ndipo akawa Omukama, yaani mfalme.

Simulizi hilo halina vita. Ukoo unaotaka kujitukuza ungetarajiwa kusimulia mapigano na ushindi, lakini Babito wanakiri kwamba babu yao alikuwa mgeni aliyehitaji walimu. Ni vigumu kuamini kwamba walilibuni jambo hilo bila sababu. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba wenye ujuzi wa ufalme, yaani walinzi wa ngoma, watumishi wa ikulu na koo za wafugaji, walikuwa na nguvu kiasi kwamba mgeni asingetawala bila wao. Walimpa uhalali, naye akawapa kiongozi asiyefungamana na ukoo wowote wa wenyeji katika wakati wa fujo. Rukidi alikuja na watu na mikuki, na hilo halipaswi kusahauliwa, ila mikuki peke yake haielezi kwa nini Waluo hao waliacha lugha yao na kuanza kusema Kinyoro.

Nguzo ya pili ilikuwa nasaba. Mapokeo ya ikulu yanamfanya Rukidi mtoto wa Kyomya, mmoja wa Bachwezi, aliyezaa na mwanamke wa Kiluo. Kwa kiungo hicho kimoja mgeni anageuka mrithi. Msomaji akumbuke kwamba masimulizi hayo yaliandikwa na wenye maslahi: mfululizo wa makala kuhusu wafalme wa Bunyoro-Kitara uliotoka katika jarida la Uganda Journal miaka ya 1930 ulitiwa saini ya herufi K.W., na mwandishi wake alikuwa Omukama Tito Winyi mwenyewe. Wanahistoria wengi hawakioni kiungo cha Kyomya kuwa ukweli wa damu. Mbinu hiyo inajulikana pia kwingineko. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alitwaa dola ya Roma mwaka 193 kwa nguvu ya majeshi yake. Mwaka 195 akajitangaza kuwa mwana wa Marcus Aurelius, kaizari aliyekwisha kufa mwaka 180, na mwanawe mkubwa akapewa jina la Marcus Aurelius Antoninus. Roma nzima ilijua baba yake halisi alikuwa nani. Severus alianza na jeshi akamalizia na ukoo. Kwa Babito vyote viwili vilikwenda pamoja, na ndiyo sababu utawala wao ulidumu kwa vizazi vingi ilhali ule wa Severus ulikwisha mwaka 235.

Kudumu huko hakukuwa na amani. Wana wa mfalme wengi waligawiwa nchi za kutawala, na kila mfalme alipokufa walipigania kiti. Mwana mkubwa, Okwiri, hakuruhusiwa kurithi. Alikuwa msimamizi wa Babito wote. Omukama Kamurasi alipofariki mwaka 1869, wanawe wawili waligombea kiti: sehemu kubwa ya Babito walimuunga mkono Kabigumire, naye Kabalega akategemea zaidi watu wasio wa ukoo wa kifalme. Kabalega alishinda, na somo hilo hakulisahau: aliunda jeshi la kudumu, Abarusura, lililomtii yeye mwenyewe na kupunguza nguvu za ndugu zake.

Udhaifu wa mfumo huo ulikwisha kuonekana Toro. Karibu na mwaka 1830, Kaboyo, mwana wa Omukama Kyebambe Nyamutukura, alijitenga na baba yake akajitwalia nchi iliyo chini ya milima ya Ruwenzori. Kumpeleka mwana wa mfalme mbali kulieneza jina la ukoo, lakini kulimpa pia mahali pa kusimama peke yake. Kabalega aliirudisha Toro mikononi mwake kwa nguvu. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard akamsimika Kasagama kuwa mfalme wa Toro, na nchi ikaponyoka tena.

Magharibi ya ziwa, mambo yalikwenda kwa utaratibu mwingine, na hapa mchango wa mwanaanthropolojia Aidan Southall ni mkubwa. Katika kitabu chake cha 1956 kuhusu jamii ya Waalur alionyesha kwamba uchifu wao ulienea miongoni mwa Walendu na Waokebo, mafundi wa chuma, pasipo jeshi la kuteka nchi. Chifu aliaminiwa kuwa na uwezo juu ya mvua, na palipotokea kisasi cha damu kati ya koo, alikuwa mtu wa nje anayeweza kukikata. Majirani waliochoshwa na visasi waliomba wapewe mwana wa chifu. Wengine, kwa masimulizi yaliyokusanywa, walimnyakua na kumbeba hadi kwao. Walimjengea nyumba, wakamlimia, wakampelekea sehemu ya windo. Baada ya vizazi viwili au vitatu kijiji cha majirani hao kilikuwa na chifu wake, na watu wake wengi walikuwa wameanza kusema Kialur.

Yafaa kuwa mwangalifu na picha hii. Kusema "walituomba" ni kauli inayowapendeza watawala, na Southall mwenyewe alieleza kwamba chifu aliyepuuzwa aliweza kutuma watu kupora mali ya wakaidi. Hata hivyo, chifu asiye na askari wa kudumu hawezi kutawala watu wasiomhitaji, na kutawanyika kwa wana wa machifu katika vilima vya Mahagi kunaeleweka vizuri zaidi kama huduma iliyogeuka kuwa mamlaka.

Wabelgiji walipoingia, mahitaji hayo yalibadilika kabisa. Sasa chifu alikuwa wa kukusanya kodi na wafanyakazi, akiwa na kituo cha serikali nyuma yake. Mwaka 1911 Bomera, chifu wa Wahema, jamii ya wafugaji jirani na Walendu, aliuawa na Walendu hao, na baadaye utawala ukatenganisha maeneo ya Wahema na ya Walendu. Boga nayo ilikatwa kutoka Toro. Omukama wake Tabaro, ambaye mhubiri Apolo Kivebulaya alimkuta huko mwaka 1896, alikuwa na uhusiano na Kasagama. Mpaka wa wakoloni ulipobadilishwa kufuatia mkataba wa 1910, Boga ikawa Kongo. Mfumo uliokuwa ukikua kwa mwaliko, ndoa na kujitenga ukagandishwa katika ramani, na aliyekuwa mpatanishi akawa mwakilishi wa kabila.

Uganda ilifuta falme zake mwaka 1967 na kuzirudisha mwaka 1993. Kongo haikuwafuta machifu wake wa mila: sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 inakubali kwamba chifu huteuliwa kwa kufuata mila ya mahali kisha serikali humtambua. Kwa hiyo, katika Ituri, swali la namna ukoo fulani ulivyoanza kutawala bado lina uzito wa kisheria, na jibu lake halipaswi kutoka kwa nyumba za machifu peke yake. Masimulizi ya Walendu na Waokebo kuhusu siku walipompokea, kumnyakua au kumkataa mwana wa chifu yakusanywe na vyuo vya Bunia sasa, wakati wazee wanaoyajua wangali hai.