Kipozeo

Gari likichemsha kwenye barabara ya vumbi ya Kerende, fundi hahitaji kamusi. Hufungua boneti, husubiri injini itulie, kisha huuliza kama ndani ya rejeta mna kulanti au mwenye gari alijaza maji ya bomba. Katika vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara swali hilo ni la kila siku, kwa kuwa malori ya mgodi, jenereta na pampu zote hutoa joto, na joto hilo lazima lichukuliwe na kitu fulani lipelekwe nje. Kitu hicho kinachobeba joto ndicho kinachoitwa kipozeo.

Neno limejengwa vizuri. Poa, poza, pozea, kipozeo. Ni njia ileile iliyotupa kichocheo kutoka chochea. Uzuri wake ni kwamba linataja kazi, halitaji kitu. Upepo unaopiga mapezi ya injini ya bodaboda ni kipozeo. Mafuta ndani ya transfoma ya umeme ni kipozeo pia, na kuna vinu vichache vya nyuklia vinavyopozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka. Hata hivyo maandishi yetu mengi ya kiufundi hupita njia fupi na kusema “maji ya kupozea”. Kwa injini ya lori kosa hilo ni dogo, ingawa si la kupuuza: kulanti ya gereji huwa na ethilini glikoli, kimiminika kitamu na chenye sumu, na mtoto au mbwa akidhani ni maji anaweza kufa. Kwa mtambo wa urani kosa hilo ni kubwa zaidi, na ndiyo sababu ya makala haya.

Msikilizaji wa redio za Kiswahili amelisikia neno urutubishaji kupitia habari za Iran. Urani ya asili ina takriban asilimia 0.7 tu ya atomi za aina ya 235, zile zinazopasuka kirahisi. Nyingine karibu zote ni za 238. Kuirutubisha ni kuongeza sehemu ya 235, hadi kati ya asilimia 3 na 5 kwa fueli ya vinu vingi vya umeme, na karibu 90 kwa bomu. Neno lenyewe limetoka shambani na linaweza kumfanya mtu adhani kuna mbolea inayoongezwa. Hakuna kinachoongezwa, atomi nyepesi hutenganishwa na nzito.

Ili zitenganishwe, urani hugeuzwa kuwa heksafloridi ya urani. Katika joto la kawaida la chumba hii ni yabisi, na ikifikia nyuzi 56.5 katika kanieneo ya kawaida hugeuka gesi bila kupitia hali ya kimiminika. Gesi hiyo haipatani na maji hata kidogo. Mvuke mdogo wa hewani unatosha kuivunja ikatoa floridi ya hidrojeni, ambayo huunguza mapafu na ngozi, pamoja na unga wa urani wenye sumu kwa figo. Tarehe 4 Januari 1986, katika kiwanda cha Sequoyah Fuels huko Gore, Oklahoma, silinda iliyojazwa kupita kiasi ilipashwa moto ili ipunguzwe, ikapasuka. Mfanyakazi mmoja alikufa. Hakuuawa na mnururisho. Aliuawa na kemikali iliyozaliwa pale gesi ilipokutana na unyevu wa hewa.

Sasa fikiria kazi ya mhandisi. Katika mitambo ya zamani ya kurutubisha, kuanzia K-25 ya Oak Ridge iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, gesi ilisukumwa na kompresa kubwa kupitia viwambo vyenye vitundu vidogo mno, hatua baada ya hatua, kwa maelfu. (Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu wa Marekani wa wakati ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya migodini. Historia hii ni yetu pia, na ni haki yetu kuisema kwa lugha yetu.) Kila kompresa iliipasha gesi joto. Joto lilipaswa kuondolewa, na kitu rahisi kuliko vyote cha kuliondoa ni maji, ambayo ndiyo hasa kitu kisichopaswa kuikaribia gesi ile.

Jibu lao lilikuwa kuweka kitu cha tatu katikati. Paducah, Kentucky, mtambo uliofanya kazi tangu 1952 hadi 2013, ulitumia kemikali iitwayo R-114, ya jamii ya zile zilizotumika kwenye majokofu ya zamani. Joto lilikwenda kama kijiti cha mbio za kupokezana: gesi ililikabidhi kwa R-114, R-114 ikalikabidhi kwa maji kwenye kondensa, maji yakalipeleka kwenye minara ya kupozea na kulitoa hewani. Bomba la ndani likivuja, gesi ilikutana na kemikali isiyoishambulia, si maji. Ulinzi huo ulikuwa na gharama yake, maana R-114 iliyovuja ilidhuru tabaka la ozoni, na Paducah ikawa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kemikali hiyo nchini Marekani.

Ukiandika “maji ya kupozea” mahali pa R-114, umemwambia msomaji kinyume cha kile mhandisi alichokusudia. Umeyaingiza maji pale alipotumia akili na fedha nyingi kuyazuia.

Kuna sababu ya pili ya kuyaogopa maji, na hii ni nzito zaidi. Maji hupunguza mwendo wa nyutroni na kuzirudisha zilikotoka, na nyutroni zilizopunguzwa mwendo ndizo zinazoipasua urani 235 kwa urahisi. Urani iliyorutubishwa, ikikusanyika kwa wingi pamoja na maji, inaweza kuwasha mmenyuko wa mnyororo, atomi moja ikisababisha nyingine kupasuka, pasipo kinu chochote. Tokaimura, Japani, hilo lilitokea tarehe 30 Septemba 1999. Kiwanda cha huko, cha kampuni ya JCO, hakikuwa cha kurutubisha. Kilitayarisha fueli kutokana na urani iliyokwisha kurutubishwa, safari ile kwa asilimia 18.8. Ili kuharakisha kazi, wafanyakazi walimimina myeyusho kwa ndoo katika tangi moja, hadi ndani yake mkawa na zaidi ya kilo 16 za urani ilhali kikomo kilikuwa kilo 2.4. Mnyororo ukawaka.

Tangi lile lilikuwa limevikwa koti la maji ya kupozea. Maji hayo, yaliyowekwa kwa nia njema kabisa, yalizirudisha ndani nyutroni zilizokuwa zikitoroka, na kwa muda wa takriban saa 20 mmenyuko ukaendelea. Wafanyakazi waliingia kwa zamu za dakika chache ili kuvunja bomba na kuyatoa maji, kisha asidi ya boroni ikaongezwa ili hali isirudi. Wakazi 161 wa karibu walihamishwa, na watu wapatao 310,000 wakaambiwa wabaki majumbani. Wafanyakazi wawili walikufa, mmoja Desemba 1999 na mwingine Aprili 2000. Kwenye vinu vya nyuklia vya Fukushima mwaka 2011 balaa ilitokana na kukosa kipozeo. Tokaimura ilibidi kipozeo kiondolewe ndipo watu wapone.

Mitambo ya leo hutumia sentrifuji zinazozunguka kwa kasi kubwa, haili umeme mwingi kama ile ya zamani na joto lake ni dogo. Kanuni haijabadilika: maji yana mzunguko wake, gesi ina wake, na mpaka kati yao hulindwa.

Watu wa Kerende wanaijua mipaka ya namna hii kwa uchungu, ingawa mgodi wao ni wa dhahabu. Mei 2009 maji yenye tindikali ya mgodini yaliingia katika Mto Tigithe, unaopeleka maji yake Mto Mara na hatimaye Ziwa Victoria. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la topesumu. Neno hilo topesumu limefanya kazi kubwa. Mwanakijiji akilisikia, hahitaji mtaalamu wa kumfafanulia kwamba ng'ombe asinyweshwe pale. Lingeitwa “bwawa la maji ya mgodi”, lingemwalika.

Tanzania haina mtambo wa kurutubisha urani. Inayo urani, na mradi wa Mto Mkuju wilayani Namtumbo umekwisha kupewa leseni. Mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulirekebishwa mwaka 2012 ili kuupisha. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo yenye jukumu la usalama wa mnururisho chini ya sheria ya 2003. Mabango, mafunzo ya wafanyakazi na mikutano ya vijiji itahitaji maneno, na maneno yakikosekana mapema, watu watajaziwa Kiingereza au tafsiri ya haraka.

Basi Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Tume wakae meza moja kabla mabango hayajachapwa. Kipozeo kiwe jina la kitu chochote kinachobeba joto la mtambo, na kila kinapotajwa kiandikwe ni kipi: maji, mafuta au kemikali gani. “Maji ya kupozea” yabaki kwa maji peke yake. Wanaoandika vitabu vya fizikia vya sekondari nao wafuate hivyo hivyo, kwa kuwa fundi wa Namtumbo wa kesho yuko darasani leo.