Karatasi za Watawa

Katika mwezi wa Septemba, mwaka 1930, Mama Mkuu wa shirika moja la watawa wa Kikatoliki nchini Marekani alitoa agizo dogo. Kila msichana aliyekaribia kuweka nadhiri aandike habari za maisha yake kwa maneno 200 au 300, katika karatasi moja: wazazi wake, shule alizosoma, na sababu zilizomleta utawani. Wasichana wakaandika, na karatasi zikawekwa kabatini.

Msomaji, huenda wewe nawe umepewa insha ya urefu huo juma hili, ukanung'unika. Ngoja kwanza usikie yaliyozipata karatasi hizo.

Mwaka 1986 mtaalamu mmoja, David Snowdon, alifika katika nyumba ya watawa wa shirika hilo mjini Mankato, katika jimbo la Minnesota. Alitaka kujua kwa nini wazee wengine hupatwa na maradhi ya Alzheimer, yale yamwondoleayo mtu kumbukumbu kidogo kidogo hata asiwatambue wanawe, na wengine hupita miaka 90 wakiwa na akili timamu. Swali hilo ni gumu, kwa kuwa watu hawaishi namna moja. Huyu huvuta tumbaku, yule havuti. Huyu ni tajiri, yule ni fukara. Ukiona tofauti katika uzee wao, utajuaje imetoka wapi? Lakini watawa wale walikula chakula cha namna moja, hawakuzaa, hawakuvuta sigara, na wengi wao walikuwa waalimu.

Snowdon hakuwapa dawa yoyote. Aliwatazama tu, mwaka baada ya mwaka. Watawa 678, wenye miaka 75 na zaidi, walikubali kupimwa kumbukumbu zao. Walikubali pia kwamba wakifa ubongo wao utolewe ukachunguzwe. Kwangu mimi hilo la pili lastahili heshima kuliko hesabu zote zilizofuata, maana walijua kwamba matokeo yake hawatayaona.

Ndipo karatasi zikatolewa kabatini. Wachunguzi walichukua maandiko ya watawa 93, wakahesabu mawazo yaliyomo katika kila maneno 10. Mwaka 1996 walitangaza kwamba wale ambao sentensi zao za ujanani zilikuwa na mawazo machache ndio waliofanya vibaya zaidi katika mitihani ya kumbukumbu, zaidi ya miaka 50 baadaye.

Usikimbilie kusema kwamba insha nzuri ni kinga. Kutazama huonyesha mambo mawili yakifuatana, wala hakusemi lipi limezaa lipi. Yamkini akili iliyozoezwa mapema hujiwekea akiba. Yamkini pia maradhi yenyewe huanza kimya kimya tangu ujana.

Tena yuko mtawa mmoja aliyefundisha hata akafika miaka 84, akafa ana miaka 101, na mitihani yake aliifanya vizuri mpaka mwisho. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa umejaa mabaka na nyuzi zilizojisokota, zile zile ambazo daktari Mjerumani Alois Alzheimer alizieleza mwaka 1906. Mwaka 1997 wachunguzi walionyesha sehemu moja ya jibu: miongoni mwa watawa wenye alama hizo, waliopotewa na akili zaidi ni wale ambao ubongo wao ulikuwa umeumizwa pia na viharusi vidogo.