Benchi la watu wanne: historia ya kugombea nafasi shuleni Kolwezi

Mji wa Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya shaba, na shule zake zilifuata shaba hiyohiyo. Tangu miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imekwisha kuona kwamba mfanyakazi anayeishi kambini na mke na watoto hutulia kazini kuliko kijana aliyeletwa peke yake kwa mkataba mfupi. Basi watoto wa kambini wakajengewa shule, zikakabidhiwa wamisionari Wakatoliki, na masomo ya mwanzo yakafundishwa kwa Kiswahili. Kampuni ilitaka mafundi na makarani wa kesho, tena watiifu.

Waliosoma huko bado wanazisifu shule zile, na wana haki. Lakini madarasa yake yalikuwa na nafasi kwa sababu mlango wake ulikuwa mwembamba. Mtoto wa mfanyakazi wa kampuni aliingia. Mtoto wa mkulima wa kijiji cha jirani au wa mchuuzi wa sokoni alitafuta pake.

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilitaifisha kampuni, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines, na utaratibu huo ukaendelea: mshahara, unga, hospitali na shule vyote kutoka mkono mmoja. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu familia hizi *Bana Shaba abandonnés par leur père*, yaani watoto wa shaba waliotupwa na baba yao. Kutupwa kwenyewe kulianza pale mgodi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990. Uzalishaji wa kampuni, uliopita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 kufikia 1993. Miaka hiyohiyo maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Kolwezi na Likasi, na watoto wao wakaacha shule katikati ya masomo.

Serikali nayo ilikuwa imeacha kuwalipa walimu mshahara wa kuishi. Baada ya migomo mirefu ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, maaskofu na wawakilishi wa wazazi walikubaliana kwamba wazazi wachangie mshahara wa mwalimu. Ulikuwa msaada wa dharura, na shule nyingi zisingefunguliwa bila huo. Ila dharura hiyo iligeuka mazoea. Sehemu ya minervali, yaani ada hiyo ya wazazi, ikaanza kupanda ngazi hadi ofisi za usimamizi wa elimu, na kila ofisi iliyoonja haikutaka kuacha. Asiyelipa alirudishwa nyumbani, mara nyingi siku za mtihani.

Halafu, kati ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa malipo ya mkupuo mmoja, katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, na fedha hizo zilimezwa na madeni. Watoto wao wakakutana na minervali kama watoto wengine wote. Baadhi walikwenda kuosha na kubeba mawe ya kobalti. Katika ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016, watoto walieleza kwamba walifanya kazi migodini kwa faranga 1,000 hadi 2,000 kwa siku, na baadhi yao walikuwa wanatafuta ada ya shule. Wakati huo ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kutamka miaka kumi kabla kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure.

Ibara hiyo ilianza kutekelezwa kwa madarasa yote ya msingi nchi nzima Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi. Watoto wakafurika, na madarasa ya wanafunzi zaidi ya 100 yakawa jambo la kawaida nchini. Benchi la wawili linakaliwa na wanne, anayeandika akimsukuma mwenzake kiwiko, na mwalimu hawezi kupita katikati kuangalia daftari. Akitumia dakika moja tu kwa kila daftari katika darasa la watoto 100, saa nzima na dakika 40 zimekwisha. Wengine wanasoma kwa zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi yao iko wazi, na Kolwezi asubuhi iliyo wazi ni rahisi kuishia mgodini. Tena kuna walimu wa NP, yaani wasiolipwa na serikali, ambao minervali ilipofutwa walibaki mikono mitupu.

Wapo wanaosema turudishe ada ili darasa lipungue. Litapungua kweli, na tunajua ni nani watakaotoka: walewale waliokaa nje tangu zama za kambi. Kinachokosekana ni vyumba na mishahara, na hapa Lualaba, mkoa wa Kolwezi, fedha zipo. Sheria ya madini ya Machi 2018 inatoa asilimia 25 ya mrabaha kwa mkoa na asilimia 15 kwa mamlaka ya mtaa ambako mgodi upo. Juu ya hayo, kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Mgawo wa mtaa unafuata shimo, haumfuati mtoto. Wilaya za magharibi kama Kapanga na Sandoa, zilizo mbali na migodi mikubwa, zinategemea mgawo wa mkoa. Bunge la mkoa linaweza kuandika katika bajeti ya kila mwaka sehemu ya asilimia 25 itakayojenga madarasa, likaigawa kwa kuhesabu watoto waliopo mabenchini, na kutangaza hesabu hiyo ukutani pa kila shule ili wazazi waisome.