Uuguzi na fiziotherapia baada ya saratani ya matiti

Uuguzi na fiziotherapia baada ya saratani ya matiti ni huduma anazopewa mgonjwa ili arudishe nguvu za mkono na bega pamoja na utulivu wa moyo baada ya upasuaji, tibakemikali au mionzi. Uuguzi huu humtazama mgonjwa mzima: mwili, hisia, familia na imani yake.

Sababu

Katika upasuaji, titi huweza kuondolewa pamoja na tezi za limfu za kwapani. Kovu hukaza ngozi ya kifua, na mgonjwa anayeogopa kuinua mkono hupata bega gumu. Tezi zikiondolewa au zikiathiriwa na mionzi, majimaji huweza kujikusanya mkononi. Uvimbe huo huitwa limfedema, nao unaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya tiba.

Mazoezi

Mazoezi mepesi kwa kawaida huanza siku moja baada ya upasuaji: kufumba na kufumbua kiganja, kukunja kiwiko. Kuinua mkono kupita usawa wa bega husubiri ruhusa ya mtaalamu. Baadaye mgonjwa hupandisha vidole ukutani polepole. Kulima, kutwanga na kubeba ndoo hurudiwa kidogo kidogo, lakini mkono usiachwe bila kazi kabisa.

Kazi ya muuguzi

Muuguzi husafisha kidonda, hufuatilia maumivu na lishe, humsikiliza mgonjwa na huzungumza na mume au ndugu. Pia humfundisha kutunza ngozi ya mkono ili isipate majeraha.

Nchini Tanzania

Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, kwa miaka mingi ilikuwa kituo pekee cha mionzi nchini. Kilwa Masoko iko takriban kilomita 300 kutoka jijini humo, na Likawage, kata ya bara ya Wilaya ya Kilwa, iko mbali na barabara kuu ya pwani. Kwa mgonjwa wa huko, kwenda kliniki kila wiki ni gharama kubwa. Hivyo ni muhimu ajifunze mazoezi kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali, pamoja na ndugu atakayemsaidia nyumbani.

Dalili za hatari

Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, au homa ikipanda, mgonjwa awahi kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani huenda ni maambukizi.