Vinyoya na Hati ya Uraia

Mwaka 1958 kikosi cha Indonesia kilikwenda Singapore kucheza fainali ya Kombe la Thomas, ambalo katika mpira wa vinyoya ndilo kombe la dunia la timu za wanaume. Ilikuwa mara yao ya kwanza kushiriki. Malaya ilikuwa imelitwaa kombe hilo mara zote tatu tangu lianzishwe: 1949, 1952 na 1955. Indonesia, nchi iliyotangaza uhuru wake miaka kumi na mitatu tu nyuma, ikashinda mechi 6 kwa 3.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia na mada yangu ni uraia, kwa hiyo nina ugonjwa wa kutazama majina kabla ya matokeo. Katika kikosi kile walikuwamo Tan Joe Hok, Njoo Kim Bie, Tan King Gwan na Lie Po Djian. Hao ni Waindonesia wenye asili ya Kichina, na wao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa timu. Mwaka uliofuata Tan Joe Hok alishinda All England, mashindano makongwe kuliko yote ya mchezo huu, Mwindonesia wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka huohuo, 1959, serikali ya Sukarno ilitoa Kanuni Namba 10 iliyowapiga marufuku wafanyabiashara wa kigeni kuendesha maduka vijijini. Kwa maneno ya sheria, walengwa walikuwa wageni. Kwa vitendo, walikuwa Wachina, na wengi wao walikuwa wamezaliwa palepale. Katika msukosuko uliofuata watu wapatao laki moja walipanda meli kwenda China, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Hapa ndipo historia ya timu hii inapogawanyika, na vitabu vya michezo hufuata tawi moja tu.

Tawi linalofuatwa ni la ushindi. Indonesia ilitetea kombe 1961 na 1964. Mwaka 1967 ilipokonywa baada ya mashabiki wa Jakarta kuvuruga fainali dhidi ya Malaysia, refa akasimamisha mchezo, na Indonesia ikakataa kwenda kuumalizia New Zealand. Kisha ikalirudisha 1970 na kukaa nalo muongo mzima. Nyota wa enzi hiyo ni Rudy Hartono, bingwa wa All England mara nane, saba kati ya hizo mfululizo kuanzia 1968. Alizaliwa Nio Hap Liang. Mwishoni mwa 1966 utawala wa Suharto ulikuwa umeweka utaratibu wa kuwahimiza raia wenye majina ya Kichina wayabadilishe yasikike Kiindonesia. Tan Joe Hok naye akawa Hendra Kartanegara. Tangu hapo orodha za vikosi hazimwambii tena msomaji nani ni nani, na nadhani hilo ndilo lililokusudiwa.

Tawi la pili liko ng'ambo. Wang Wenjiao na Chen Fushou walikwenda China mwaka 1954, kabla ya kanuni ile, kwa hiari na kwa mapenzi ya nchi ya mababu. Hou Jiachang na Tang Xianhu, wote wazaliwa wa Indonesia, walifuata mwaka 1960. Walikuta nchi ambayo mchezo huu ulikuwa bado mchanga, wakaujenga. China ilikuwa nje ya shirikisho la kimataifa hadi 1981, kwa hiyo Hou na Tang walizeeka kama wachezaji bila kugusa Kombe la Thomas. Lakini mwaka 1982, jijini London, China ilishiriki kombe hilo kwa mara ya kwanza na kuifunga Indonesia 5 kwa 4 katika fainali. Wang na Hou walikuwa makocha wa washindi. Sijui nchi nyingine iliyomsomesha mpinzani wake kwa ukamilifu namna hiyo.

Tang Xianhu alirudi. Katika miaka ya 1980 alikuja kufundisha Indonesia, nchi aliyozaliwa, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Alan Budikusuma. Mwaka 1992, mpira wa vinyoya ulipoingia rasmi kwenye Olimpiki huko Barcelona, Susi Susanti alipoteza seti ya kwanza 5–11 mbele ya Bang Soo-hyun wa Korea Kusini, kisha akashinda 11–5 na 11–3. Siku hiyohiyo Alan alimshinda Ardy Wiranata, Mwindonesia mwenzake. Hizo ndizo dhahabu mbili za kwanza za Olimpiki za Indonesia. Susi na Alan, waliooana baadaye, wote wana asili ya Kichina, na wamesimulia hadharani kwamba hata baada ya medali zile waliendelea kudaiwa SBKRI, hati ya kuthibitisha uraia ambayo jirani zao wengine hawakuombwa kamwe. Bila hati hiyo pasipoti ilikuwa ngumu, na hata kuandikisha ndoa kulikuwa na usumbufu.

Husemwa kwamba michezo huunganisha taifa. Hapa iliunganisha kwa saa mbili, kisha asubuhi ofisi zikafunguliwa.

Mei 1998 inaumiza zaidi. Kuanzia tarehe 13 maduka na nyumba za Wachina mjini Jakarta, Solo na kwingineko vilichomwa na kuporwa, wanawake wakabakwa, na zaidi ya watu elfu moja wakafa, wengi wao wakiwa waporaji maskini walionaswa na moto ndani ya majengo. Tarehe 21 Suharto alijiuzulu. Tarehe 24, huko Hong Kong, Indonesia iliifunga Malaysia 3 kwa 2 na kutwaa Kombe la Thomas. Baadhi ya wachezaji walikuwa na jamaa katika miji ileile iliyowaka. Mwaka huo pia Tang aliondoka Indonesia moja kwa moja, baada ya ombi lake la uraia kukataliwa. China ilimpokea, na baadaye akawa kocha wa Lin Dan, bingwa wa Olimpiki mwaka 2008 na 2012.

Hendrawan, mshindi wa medali ya fedha Sydney mwaka 2000 na bingwa wa dunia mwaka 2001, alitambuliwa rasmi kuwa raia mwaka 2002 tu, baada ya Rais Megawati kuingilia kati. Mei mwaka huohuo, huko Guangzhou, fainali dhidi ya Malaysia ilifika 2 kwa 2. Aliyeingia uwanjani kucheza mechi ya mwisho alikuwa yeye. Alishinda.

Sheria mpya ya uraia ilipitishwa mwaka 2006. Kombe halikurudi Indonesia hadi Oktoba 2021, mjini Aarhus, Denmark, ilipoifunga China 3 kwa 0. Wimbo wa taifa ulipigwa. Bendera ya taifa haikupandishwa, kwa sababu shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli lilikuwa limeiadhibu Indonesia kwa kutotimiza masharti yake, na mahali pake ikapandishwa bendera ya chama cha vinyoya.