Theluji, barafu na ile "baridi" ya mlima wetu

 Huku Lusail zamu ndiyo hizo hizo za usiku.

Juzi kwenye kundi la familia mdogo wetu aliyeko Ohio aliandika kwamba dhoruba inakuja, maduka yameisha mikate, na watabiri wenyewe hawajui kama itashuka theluji au barafu. Shangazi akauliza: "Kwani si kitu kimoja?" Watu wakacheka weeee! Mimi sikucheka. Lile swali lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea hapo hapo kwetu Moshi.

Kwanza nimjibu shangazi. Huko juu mawinguni inaanza kama theluji. Hewa yote ikiwa ya baridi mpaka chini, inatua laini kama pamba. Lakini katikati kukiwa na tabaka la hewa ya uvuguvugu, theluji inayeyuka njiani. Ikikutana tena na baridi nene inaganda na kuwa vichembe vya barafu. Baridi ikiwa nyembamba tu karibu na ardhi, inafika kama maji ya kawaida, halafu yanaganda palepale yanapogusa barabara, nyaya za umeme, ngazi za nyumba. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Theluji unaikoga kwa koleo, lakini barafu ya namna hiyo huioni mpaka uko chini umeshika nyonga. Na tofauti kati ya hali hizi ni nyuzi moja au mbili tu, ndiyo maana watabiri wanababaika.

Sasa maneno yenyewe. "Theluji" tumeipata kwa Waarabu, thalj. "Barafu" imetoka kwa Waajemi, barf, na kwao barf ni theluji! Yaani lugha yetu imechukua majina mawili ya kitu kilekile, moja ikalipeleka mlimani na Ulaya, jingine ikalitia kwenye friji. Katika Kiarabu cha kila siku neno moja linabeba vyote viwili. Huku wodini mgonjwa akiomba thalj anataka vipande vya barafu vya kuweka kwenye kifundo kilichovimba, na neno hilo hilo ndilo analotumia kwa theluji ya Lebanon. Wenzangu Wahindi nao baraf yao inabeba vyote viwili. Kwa hiyo shangazi yuko upande wa walio wengi.

Qatar haina theluji, msihangaike kunitumia masweta. Baridi kali tuliyosikia ni ya Februari 2017, pale Abu Samra mpakani na Saudia, kipimo kiliposhuka hadi nyuzi 1.5. Mvua ya mawe hupiga mara mojamoja, watu wanatoka nje na simu kupiga picha. Lakini si mbali na hapa, kwenye mlima Jebel Jais wa Ras al-Khaimah, theluji ilianguka Desemba 2004 na tena Januari 2009. Jangwani kabisa!

Haya, turudi nyumbani. Tarehe 11 Mei 1848, yapata saa nne asubuhi (mwenyewe anasema hakuwa na saa), mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa njiani kwenda Uchagani na kiongozi wake wa msafara, Bwana Kheri, mtu wa pwani. Akaona kitu cheupe juu ya mlima. Akadhani ni wingu, na kiongozi akakubali. Wakasogea hatua chache, Rebmann akauliza tena. Jibu likawa kwamba wingu ni lile pale, lakini hicho cheupe hakijui, anadhani ni baridi.

Anadhani ni baridi! Mimi nalipenda sana jibu hili. Mtu wa pwani hakuwa na jina la kitu kile mbele ya macho yake, lakini alijua kinavyofanya kazi, na hakudanganya.

Habari ilipochapishwa London mwaka 1849 wakubwa wa jiografia walikataa. William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aling'ang'ania kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba macho ya mmisionari yamemdanganya. Desemba 1849 Krapf naye akaona theluji ya Mlima Kenya kutoka Ukambani, wakamtilia shaka vilevile. Mpaka mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipopanda Kilimanjaro kiasi cha meta 4,000 hivi, theluji ikawaangukia wenyewe. Hata hapo Cooley hakukubali.

Lakini watu wa Machame walikuwa wamelipa gharama ya kujua zamani sana. Rebmann alisimuliwa kwamba Mangi Rengua, baba yake Mamkinga, alituma kikundi cha watu wakachunguze kile cheupe, maana wengine walidhani ni fedha. Aliyerudi ni mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu imeharibika. Watu walisema ni mizimu ya mlima.

Nikisoma hapo nauguza kichwani. Vidole vinaanza kuwa vyeupe, ganzi, havihisi hata ukivichoma. Halafu vinavimba malengelenge, mwisho vinakuwa vyeusi. Dawa ni kuvitia kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, bila kusugua, na usianze kuvipasha moto kama njiani vitaganda tena. Bila shaka walikwenda na nguo za shambani, pengine miguu mitupu. Vitabu vya shule vilitufundisha jina la Rebmann, jina la Sabaya sikulisikia hata mara moja mpaka nilipokuwa mtu mzima, tena ughaibuni.

Wapagazi wetu bado wanapanda mlima ule ule, na wapo wanaopanda na viatu vilivyochanika. Binamu, nakusema wewe. Huko juu mvua ya jioni inageuka theluji au barafu ndani ya saa moja. Barafu ya kudumu yenyewe inakwisha, kati ya 1912 na 2007 ilipungua kwa asilimia 85 hivi, lakini baridi ya usiku haijapungua makali. Nimetuma soksi za sufu na glavu jozi sita kwa mama mdogo anayekuja Jumamosi. Zako zina alama nyekundu.

Na wazee wa Machame wakiwa na jingine la kusimulia kuhusu Sabaya, naomba mwenye nafasi aandike au arekodi anitumie.