Viungo vya Supu Yetu Vimetoka Wapi, na Vinatibu Nini



Masika yakianza hapa Mkuyuni, mafua na kikohozi huingia karibu kila nyumba, na mimi huulizwa swali moja tu njiani: "Bwana shamba, ile supu ya viungo inawekwa nini na nini?" Leo nitaitoa, na vipimo vyake. Ila naomba uvumilie kwanza nikueleze historia ya viungo hivyo, kwa sababu kuna kosa nililifanya, na historia hii ndiyo iliyonionyesha ukubwa wake.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nahamasisha kikundi cha wakulima kupanda tangawizi. Nilitaka watu wakubali haraka, basi nikasema kwa kujiamini: "Na hii tangawizi inashusha presha." Sikueleza zaidi. Mzee mmoja aliyekuwepo alikuwa na shinikizo la damu, akitumia vidonge vya kila siku. Alirudi nyumbani akaacha vidonge, akawa anakunywa supu ya tangawizi asubuhi na jioni. Wiki chache baadaye alianguka shambani kwa kiharusi. Mungu alimsaidia akabaki hai, lakini mkono wake wa kushoto haushiki jembe tena. Nilipokwenda kumjulia hali, nikamwamkia mkewe, naye akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, si wewe uliyesema pale kwenye kikundi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kujua vitu hivi tunavyoviita dawa vilitoka wapi na nani alianza kuvisifia.

Mdalasini na hadithi ya ndege

Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita Mgiriki mmoja aitwaye Herodotus aliandika jinsi mdalasini unavyopatikana. Alielezwa kwamba huko Uarabuni kuna ndege wakubwa wanaojengea viota vyao vijiti vya mdalasini kwenye majabali. Watu huwawekea vipande vikubwa vya nyama, ndege wanavipandisha kiotani, kiota kinalemewa na kuanguka, ndipo watu wanaokota vijiti.

Mkulima wa Uluguru atacheka, maana anajua mdalasini ni gamba la mti unaokatwa kwa panga. Lakini mnunuzi wa Ugiriki hakuwahi kuuona mti huo. Mti wenyewe asili yake ni Sri Lanka na kusini mwa India. Hadithi ya ndege ilimfaa muuzaji: ilificha kitu kilikotoka na kupandisha bei.

Hata majina yanatuambia jambo. Neno mdalasini limetokana na lugha za Kiajemi na Kiarabu, kwa maana ya mti wa China. Pilipili manga asili yake ni pwani ya Malabar, kusini magharibi mwa India, lakini sisi tunaitaja Manga, jina la zamani la Uarabuni, hasa Oman, kwa sababu majahazi ya huko ndiyo yaliyotuletea. Jina lilimfuata muuzaji wa mwisho. Mkulima aliyepanda akasahaulika.

Tangawizi, pilipili na karafuu

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alipita pwani yetu, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kule Mogadishu aliandaliwa wali wa samli na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni, anasema, kulikuwa na achari ya ndimu na ya pilipili, maembe, na tangawizi mbichi. Kwa hiyo karibu miaka 700 iliyopita tangawizi ilikuwa tayari ipo mezani Afrika Mashariki, na msafiri huyu aliitaja pamoja na vyakula.

Pilipili kali tunazopanda pembeni ya nyumba ni wageni zaidi. Asili yake ni bara la Amerika, na zilisambaa duniani kwa meli za Wareno na Wahispania baada ya mwaka 1492. Sisi tukazipa jina la pilipili tuliyokuwa tunaijua zamani.

Karafuu nayo ilikuwa ya visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Waholanzi waliihodhi, hata wakawa wanakata mikarafuu iliyoota nje ya maeneo yao ili bei isishuke. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche kwa siri na kuipeleka Mauritius. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa karafuu ikafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akahimiza ipandwe kwa wingi. Tusisahau kwamba mashamba yale yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa huku bara.

Barabara yetu ya Kisaki

Kuna anayedhani Uluguru ilikuwa imejificha mbali na biashara hiyo. Hapana. Kusini mwetu, upande wa Kisaki, palikuwa na Zungomero, kituo kikubwa cha misafara ya pwani katika karne ya 19. Waingereza Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857. Bidhaa za pwani zilipanda huku, na watu na pembe za ndovu zikateremka.

Baadaye wamisionari wa Kikatoliki walifungua misheni Matombo mwaka 1897, na mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha Amani kule Usambara, wakijaribu mimea mingi ya kigeni kama mkwinini na viungo. Leo ukitoka Mkuyuni kwenda Matombo, Tawa au Kinole, unakuta mdalasini, mikarafuu, iliki na pilipili manga iliyopanda juu ya miti. Tunavuna wenyewe kile ambacho Mgiriki alidhani kinatoka kiotani.

Neno la bwana shamba

Hapa milimani maneno ya afisa yamewahi kugharimu maisha. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Nia inaweza kuwa ilikuwa njema, maana maji ya milima hii ndiyo yanayolisha mto Ruvu. Lakini udongo wetu wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ngazi ziliufukia na kuleta juu udongo mfu, mazao yakadumaa, na wanawake na wanaume wakapoteza siku nyingi za kazi. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, vurugu zikazuka, mtu mmoja akauawa na polisi. Mpango ukaachwa.

Mabwana shamba wale walikuwa na uhakika kupita ujuzi wao, na mimi pale kwenye kikundi nilikuwa hivyohivyo. Na wauzaji wa viungo, tangu enzi za ndege wa mdalasini, wameuza kwa mtindo huohuo: sifa nyingi kuliko kitu chenyewe.

Supu yenyewe

Supu hii ni chakula kizuri kwa mgonjwa wa mafua, mtu aliyepoteza hamu ya kula, mama aliyejifungua, na yeyote aliyeshinda shambani kwenye mvua. Inatosha watu 6.

Mahitaji: kuku wa kienyeji 1, maji lita 3, kitunguu maji 1, kitunguu saumu punje 6, tangawizi vipande 2 vya ukubwa wa kidole gumba, pilipili manga punje 15, mdalasini kijiti 1 cha urefu wa kidole, karafuu 3, iliki 3, manjano nusu kijiko cha chai, mchaichai shina 1, karoti 2, ndizi mbichi 3, majani mabichi ya mlonge konzi 1, chumvi kijiko 1 cha chai, ndimu 1.

1. Kuku awe mzima wa afya. Aliyekufa kwa kideri hafai. Aliyepewa dawa, subiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa zipite.
2. Weka kuku aliyekatwa kwenye maji ya baridi, bandika, na ikichemka engua povu.
3. Twanga tangawizi na kitunguu saumu. Tia nusu yake sasa, pamoja na kitunguu maji, mdalasini, karafuu, iliki na mchaichai. Funika, punguza moto, iache saa moja na nusu mpaka mbili.
4. Tia ndizi, karoti, manjano na chumvi. Pilipili manga itwange muda huohuo, kwani iliyotwangwa zamani hupoteza harufu. Husaidia pia mwili kufyonza manjano.
5. Ndizi zikiiva, tia tangawizi na saumu iliyobaki na majani ya mlonge. Dakika 5 zinatosha. Epua, ndipo ukamulie ndimu.

Kama huna kuku, tumia mifupa ya ng'ombe, au dagaa, au maharage. Usiache kupika kwa kukosa nyama.

Inasaidia nini, na haitibu nini

Inarudisha maji na chumvi mwilini, inatoa protini, na majani ya mlonge yana madini ya chuma na vitamini A. Mvuke na ukali wa tangawizi hufungua pua, na tangawizi hutuliza kichefuchefu.

Haitibu malaria: ukiwa na homa, nenda ukapime. Haitibu kifua kikuu: kikohozi kikifika wiki 2, nenda kituo cha afya. Haichukui nafasi ya vidonge vya presha wala vya kisukari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize mganga wa kituo kabla ya kula saumu na tangawizi kwa wingi. Mjamzito atumie viungo kwa kiasi cha chakula tu, na asipewe mizizi wala magamba ya mlonge. Mwenye vidonda vya tumbo apunguze pilipili. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu.

Kwa wakulima na wauzaji

Mdalasini usiubandue ukiwa umesimama, utakufa. Kata shina karibu na ardhi mti ukifikisha miaka kama 3, utachipua tena na kuendelea kushika udongo wa mlima. Pilipili manga vuna punje 1 au 2 za kwanza kwenye kishada zinapoiva nyekundu, anika juu ya turubai safi. Karafuu chuma kabla ua halijafunguka.

Muuzaji, pima pilipili manga unayonunua kwa kuimwaga kwenye maji: punje zilizokomaa huzama, mbegu za papai zilizochanganywa huelea. Na ukifungasha "viungo vya supu", andika jina la kijiji vilikotoka, maana usipoandika wewe, mwingine ataandika lake. Usiandike kwamba vinatibu presha.

Yule mzee bado tunaonana. Supu anaipenda, na mkewe huipika karibu kila Jumapili. Siku hizi anameza kidonge chake kwanza, mkewe akiwa amesimama pembeni, ndipo anapewa bakuli.

Mwenye swali anikute ofisi ya kata asubuhi, au shambani baada ya saa nne.